Shajara ya tasnifu: upepo wa 1872 na mikarafuu ya Pemba

20 Mei 2024

Pendekezo limepita. Idara imeniruhusu niendelee, kwa sharti la kupunguza malengo na kueleza vizuri zaidi kwa nini nimechagua Mtambwe, huko Pemba, na si pahala pengine. Mada inabaki ile ile: masimulizi ya wakulima wa karafuu wa Pemba kuhusu kimbunga cha 1872, kwa ajili ya shahada ya uzamili ya Kiswahili, upande wa fasihi simulizi.

Naweka msingi wake hapa, ili asiyelijua jambo hili apate pa kushika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Vyombo vilivunjika bandarini, zikiwemo merikebu zake mwenyewe, na huko mashamba mikarafuu na minazi ililala chini kwa sehemu kubwa. Pemba ilisalimika. Tangu hapo kitovu cha karafuu kikahamia Pemba, na mpaka leo huko ndiko inakotoka karafuu nyingi ya Zanzibar. Vitabu husema hayo kwa sentensi mbili tatu, halafu vinasonga mbele. Mimi nataka kujua wenye mikarafuu wanasemaje.

Na hili si jambo la zamani tu. Mapema mwezi huu kimbunga Hidaya kimepita upande wa Mafia. Boti za Dar es Salaam zilisimamishwa, na mitaani watu wakawa wanaulizana kama mambo haya yamewahi kutufika. Yamewahi. Hata bara: Lindi ilipigwa tarehe 15 Aprili 1952, siku ile ile ya mwaka, miaka 80 kamili baada ya Unguja. Nilipoisoma tarehe hiyo niliirudia kuhakikisha, kisha nikaiandika ukutani juu ya meza yangu.

11 Juni

Hifadhi ya Nyaraka, Kilimani, Unguja. Kutwa nzima na barua za ubalozi wa Kiingereza za miaka ya 1870. Wino umepauka, hati imelala, na herufi za mwisho wa mstari zimebanwa kwa kuogopa kumaliza karatasi. Hapa unaandika kwa penseli tu, na mimi nimeipenda kanuni hiyo: inakulazimisha uandike polepole, na ukiandika polepole unasoma.

John Kirk ndiye aliyekuwa akikaimu ubalozi wakati upepo ulipokuja. Ni daktari, aliyewahi kusafiri na Livingstone kule Zambezi, na ana jicho la mtu aliyezoea mimea. Hata hivyo, maandishi ya kibalozi yanatazama bandari kwanza: vyombo, mali za wafanyabiashara, hesabu ya hasara. Shamba linaonekana kwa mbali, kama bidhaa iliyopotea. Watu waliokuwa chini ya mikarafuu hiyo, waliochuma, waliopalilia, waliobeba, hawana pahala katika kurasa nilizopitia leo.

Jambo moja la kibiashara lazima liingie katika Sura ya Pili. Kabla ya upepo, karafuu haikuwa na bei nzuri. Zao lilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kuwa ndiye aliyelileta ni Saleh bin Haramil al-Abri. Baadaye Sayyid Said, Sultani baba yake Barghash, akawaamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Watu wakapanda kwelikweli, soko likajaa, bei ikaporomoka na ikakaa chini kwa miaka mingi. Upepo ulipoiangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu ikaadimika na bei ikapanda. Kwa hiyo aliyekuwa na miti iliyosimama Pemba alijikuta na mali mkononi. Wananisimulia hivyo wazee? Hilo ndilo nitakalolifuata.

30 Julai

Kibali cha utafiti kimetoka. Kimechukua muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ofisi moja ilinirejesha kwa ajili ya muhuri, nyingine kwa ajili ya nakala ya barua ambayo tayari walikuwa nayo. Sina zaidi la kuandika juu ya hayo. Ushauri kwa mwenzangu anayeanza: omba kibali siku ile ile pendekezo linapopita, usingoje hata marekebisho yakauke.

18 Septemba, Mtambwe

Kusi bado halijalala. Mkondo wa Pemba ulikuwa umechafuka, na ndani ya boti watu walikuwa wamejiinamia hadi tulipoingia Mkoani. Kutoka Mkoani nimepanda gari hadi Chake, kutoka Chake kuelekea Wete, na njia nzima harufu ya karafuu inaingia dirishani. Mbele ya kila nyumba pana jamvi.

Sheha amenipokea vizuri. Amesoma kibali neno kwa neno, akakikunja, akanirudishia, kisha akaniuliza: "Huo upepo wenyewe wautakia nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa kukubali. "Basi usende na daftari kwanza. Nenda na mikono. Watu saa hizi wanachambua."

Nimefanya alivyoniambia, na naandika kwa kirefu kwa sababu kesho nitakuwa nimeanza kusahau.

Mabibi wanne na wasichana kadhaa wamekaa kuzunguka jamvi, katikati chungu ya karafuu mbichi zilizoshushwa asubuhi, bado zimo kwenye vishada vyake, nyingine za kijani, nyingine zimeanza wekundu kwenye vichwa. Unashika kishada, unakiweka kwenye kiganja, unakisukuma kwa ubavu wa dole gumba huku unakisokota kidogo. Karafuu zinaanguka upande huu, konyo linabaki mkononi, unalitupa upande wa pili. Konyo nalo ni pesa. Huuzwa likakamuliwa mafuta pale Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo. Baada ya muda vidole vinakuwa vyeusi na ngozi inawasha. Wasichana wanachambua huku wanatazama pembeni na kuzungumza, mikono yao haihitaji macho.

Bibi mkubwa kuliko wote amekaa kwenye kibao, mgongo ukutani. Nimemsalimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Chambua."

Nimekaa, nimechambua. Kinasa sauti nimekiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, baada ya kumweleza ni cha nini na yeye kuridhia mbele ya wenzake. Nikamuuliza juu ya ule upepo mkubwa.

"Upepo wa nani?"

"Wa zama za Sayyid Barghash, bibi. Ule ulioangusha mikarafuu Unguja."

"Aa, huo." Akanyamaza kidogo, mikono inaendelea. "Babu yake mama alikuwa akiutaja. Miti ya kule ililala. Ya huku ikabaki."

Hayo tu. Maneno machache, yale yale ya vitabuni. Nikafikiri mazungumzo yameishia hapo, na laiti ningekuwa na orodha ya maswali mkononi ningelirukia swali la pili. Lakini mikono yangu ilikuwa na karafuu, kwa hiyo nikanyamaza. Na yeye, bila kuulizwa, akaendelea, si juu ya upepo, bali juu ya mti.

"Mnazi wajua kupinda. Mkarafuu haujui. Tawi lake likiwa bichi wadhani lina nguvu, kumbe halina. Mtu akikosea kukanyaga tu linamwangusha, seuze upepo." Msichana mmoja akamtaja jirani aliyeanguka msimu uliopita. Wote wakamwombea afya. Bibi akarudi pale alipoachia: "Na mti ukishaanguka, wapanda mwengine. Wapanda, wangoja. Mtoto anazaliwa, anasimama, anatiwa chuoni, na mkarafuu bado haujakupa kitu. Mwenye shamba kule Unguja angengoja na nini? Na huku kwetu ilikuwa imesimama, yazaa."

Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane ndiyo uanze kuzaa, na zaidi ya hapo ndiyo uzae vya kutosha. Aliyepanda tena Unguja baada ya masika ya 1872 hakuona karafuu mpaka mwisho wa miaka ya 1870. Upepo ulikuwa wa siku moja. Kungoja kulikuwa kwa miaka. Sijakuta sehemu yoyote katika mapitio yangu ambapo jambo hili limesemwa wazi hivi, na limesemwa na bibi ambaye hakukusudia kunifundisha kitu. Alikuwa anaeleza kazi yake.

Kisha wingu likatanda. Nimeona watu wazima wakikimbia kwa namna ambayo sijaiona hata kwenye moto. Karafuu iliyokwisha anikwa siku mbili ikirowa inabadilika rangi na kushuka daraja, na daraja ndiyo bei pale inaponunuliwa na Shirika la Biashara la serikali (ZSTC). Majamvi yakakunjwa kwa pembe zake nne, yakaburutwa ndani, na mimi nimeburuta langu. Kinasa sauti kilibaki juu ya kinu kikirekodi mvua mpaka mtoto mmoja akakumbuka kuniletea.

2 Oktoba, Mtambwe

Leo ni zamu ya wazee wanaume, barazani baada ya alasiri. Wao wanaanza na ardhi. Shamba hili lilikuwa la nani, likaenda kwa nani, likakatwa vipi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yaligawiwa eka tatu tatu, na ukitaja karafuu kwa wazee wa umri huu, lazima upitie hapo kabla hujafika kwa Sayyid yeyote. Mmoja amenionyesha mpaka wake kwa kuutaja mti kwa mti. Mwengine anakumbuka wachumaji waliokuwa wakija kwa msimu kutoka Unguja, Makunduchi na Tumbatu, wakilala mashambani na kulipwa kwa pishi. Karafuu zilikuwa nyingi kuliko mikono, kasema. Hilo linaungana moja kwa moja na alivyosema bibi: miti ilikuwako, kilichotafutwa ni mikono.

Na hapo ndipo nilipouliza kuhusu mikono ya mwanzo kabisa. Nani alikuwa akichuma zama za ule upepo?

Baraza likanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Watu tu." Mwengine akabadilisha mazungumzo, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nimekwisha kula. Sikusukuma. Mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, hilo linajulikana, na kila aliyekaa pale analijua. Vizazi vyao vimo humu humu, wameoana, wamezikana, na hakuna anayetaka mgeni mwenye kinasa sauti awafungulie ukurasa wa nani katoka wapi. Nimeandika kwenye daftari: saa kumi na moja kasoro, swali, kimya, chakula.

24 Novemba

Unukuzi. Saa moja ya sauti inakula siku nzima na zaidi. Nimeamua kuacha Kipemba cha wasimuliaji kama kilivyo, nisiwavishe Kiswahili cha gazetini, na pale ambapo msomaji wa Dar es Salaam anaweza kukwama naweka maelezo mafupi chini ya ukurasa. Tasnifu ya fasihi simulizi inayomsahihisha msimuliaji wake haina haja ya kuandikwa.

Umeme umekatika mara nyingi wiki hii. Nahifadhi nakala za sauti pahala patatu tofauti.

16 Januari 2025

Kikao na Maalim, msimamizi wangu, ofisini kwake Tunguu. Nimempelekea rasimu ya Sura ya Nne. Nilikuwa nimeipanga kwa mujibu wa malengo ya utafiti: kwanza masimulizi ya upepo, pili athari zake, tatu ulinganisho na nyaraka. Sehemu ya upepo imetoka kurasa chache mno, na zote zinasema jambo moja. Sehemu ya mwisho imetoka ndefu, nayo ni mimi na Kirk tunazungumza wawili.

Maalim alikuwa ameisoma yote. Ameifunga, akaweka mkono juu yake.

"Waliokusimulia wameanzia wapi?"

"Kwenye mti, Maalim."

"Na wewe umeanzia wapi?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Akaendelea kwa upole, kama kawaida yake, kwamba malengo ni ahadi ya kutafuta, si ahadi ya kukuta. Wasimuliaji wamenipa mti, ardhi na kazi. Upepo umo ndani ya hayo matatu. Basi sura ifuate mpangilio wao, na malengo yaandikwe upya yalingane na kilichopatikana, kwa idhini ya idara.

Kisha nikamtolea jambo la kimya. Nilimwambia kwamba nina nyaraka za kutosha kulijaza pengo lile. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini na Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873, mwaka mmoja na ushei tu baada ya upepo, chini ya shinikizo la Kirk huyo huyo. Yaani wakati ule ule ambapo mashamba yalihitaji mikono ya kupanda upya Unguja na kuchuma Pemba, njia ya baharini ilifungwa kisheria, lakini majahazi yakaendelea kupita kwa siri kuelekea Pemba. Manowari HMS London iliwekwa Unguja kwa ajili ya kuyazuia, na mwaka 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akikagua jahazi. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Vyote hivi ninavyo, vimepangwa, vinasubiri tu kuingizwa.

Maalim akanisikiliza hadi mwisho. "Weka nyaraka zako Sura ya Pili, ndipo pahala pake. Sura ya Nne ni ya wasimuliaji. Kimya chao nacho ni data. Kiandike kilipo, kwa saa yake na kwa namna kilivyotokea, na usikijaze kwa maneno ambayo hawakuyasema."

Nimetoka pale na kazi ya miezi mbele yangu, lakini nimetoka najua tasnifu yangu inasema nini. Nafikiri ndiyo siku muhimu kuliko zote katika kazi hii.

9 Februari

Nimerudi kumsoma Jan Vansina, mwanahistoria wa Ubelgiji aliyekusanya masimulizi Kongo na Rwanda na kuwafanya wanahistoria wayachukulie masimulizi kuwa chanzo cha kupimwa kama vyanzo vingine. Ana hoja ya pengo linalosogea: jamii husimulia sana habari za karibuni, husimulia sana habari za asili yake, na katikati panakuwa pakavu. Pengo hilo halikai pahala pamoja. Kila kizazi kinavyoondoka, nalo linasonga mbele.

Mwaka 1872 kwa wasimuliaji wangu umo kabisa ndani ya pengo hilo. Bibi mwenye zaidi ya miaka themanini ameusikia kwa babu yake mama, basi. Mjukuu wake hana wa kumsikia. Ndiyo maana upepo umebaki maneno machache. Hapa ndipo ninapotaka kuongeza kitu changu, na nimeandika kwa uangalifu sana: ndani ya pengo hilo, kilichobaki kinene ni kile ambacho bado kinafanyiwa kazi. Mti bado unapandwa, bado unangojewa, bado unaangusha watu. Kwa hiyo maarifa ya mti yameivuta na habari ya upepo, ikabaki imeshikamana nayo. Lakini kazi za watumwa hakuna anayezirithi kwa kutaka, na habari yake haijashikamana na chochote kinachosemwa hadharani.

Hata ule usemi wa mnazi kupinda nimeupa kurasa zake. Taarifa za wakati ule zinasema minazi nayo iliangamia kwa wingi Unguja. Kwa hiyo usemi wa bibi hauelezi kilichotokea 1872. Unaeleza anachokijua kila mpandaji kuhusu tawi la mkarafuu, na upepo wa 1872 umepimwa kwa kipimo hicho. Mtu anaweza kuandika kwamba msimuliaji kaenda kinyume na nyaraka, akafunga. Ni uvivu. Swali ni usimulizi huo umejengwa kwa nini, na jibu limo kwenye mikono yake.

7 Machi

Ramadhani. Naandika baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, nyumba imetulia. Sura ya Nne inakwenda. Mti umekamilika, ardhi inakaribia. Sehemu ya kazi naiogopa kidogo, naiacha ya mwisho.

22 Machi

Sehemu ya kazi imekamilika. Tukio la barazani nimeliandika kama lilivyokuwa: swali, kimya, "watu tu", chakula. Nimeeleza ni akina nani walikuwepo kwa umri na uhusiano, bila jina hata moja. Uchambuzi wake ni aya chache, na zimenichukua muda kuliko kurasa zote za upepo.

30 Aprili

Tasnifu imepelekwa kwa watahini. Kabla ya hapo: yaliyomo, vifupisho, pambizo, nafasi kati ya mistari, ukaguzi wa kufanana na kazi nyingine, ikisiri isiyozidi ukurasa mmoja. Kazi ya kuchosha. Ukaguzi umeniwekea alama hata kwenye jina la idara.

17 Julai

Nimetetea leo.

Ukumbi mdogo, meza ndefu, watahini, Maalim pembeni haruhusiwi kunijibia. Nimewasilisha kwa dakika nilizopewa. Mtahini wa ndani ameuliza kuhusu uteuzi wa wasimuliaji na idhini zao, nilikuwa tayari.

Mtahini wa nje ndiye aliyeuliza swali lililonifaa. "Habari ya upepo wa 1872 imo katika vitabu vya skuli, na redioni huzungumzwa. Unajuaje kwamba msimuliaji hakuisoma skuli, akakurudishia wewe kama urithi wa babu?"

Ni swali la haki kabisa, na ni hatari inayojulikana kwa kila anayefanya kazi ya masimulizi: kitabu kinaingia mdomoni mwa watu, mtafiti anakikusanya kutoka mdomoni, anakirudisha kitabuni kama ushahidi mpya. Nimejibu kwamba kila msimuliaji nilimwuliza kwa nani kasikia na alikuwa na umri gani, na majibu yamo kwenye unukuzi. Nimefungua kiambatisho, nikamsomea. Wapo waliosema wazi "skuli", na hao upepo wao una mwaka na una jina la Sultani. Waliosema babu au bibi hawana mwaka, wana mti. Bibi yule hakusema 1872 hata mara moja. Mimi ndiye niliyemtajia Sayyid Barghash.

Mtahini ameandika kidogo, kisha akasema jambo hilo lisikae kiambatishoni. Ni hoja ya utafiti wenyewe, lipandishwe lije Sura ya Nne, na liwekewe jedwali linaloonyesha kila simulizi limepitia kwa nani. Amesema pia kichwa cha tasnifu kibadilishwe, kwa sababu mwaka 1872 mbele ya kila kitu unamwahidi msomaji tasnifu ambayo mimi sikuiandika.

Nimepita, kwa marekebisho madogo. Mama nimempigia simu nikiwa bado ngazini. Amelia, kisha akaniuliza kama nimekula.

11 Agosti

Jedwali limenifunza zaidi ya nilivyotarajia. Ukiyapanga masimulizi kwa njia yalizopitia, unaona kwamba habari ya kungoja, ile ya mtoto kutiwa chuoni kabla mkarafuu haujazaa, imetoka kwa wanawake takriban yote, kutoka bibi hadi mjukuu, jamvini. Ya mipaka na eka imepita kwa wanaume, barazani. Nilikuwa nayo haya mkononi tangu Oktoba bila kuyaweka ubavu kwa ubavu. Nimeyaandika, na Maalim ameyapitisha bila kugusa hata nukta, jambo ambalo si kawaida yake.

Kichwa kipya: Mti, Ardhi na Kazi: Kimbunga cha 1872 katika Masimulizi ya Wakulima wa Karafuu wa Mtambwe, Pemba.

15 Septemba

Marekebisho yamethibitishwa. Nakala zimefungwa kwa jalada gumu, zimepokewa, nimesaini daftari.

Yaliyobaki ni haya. Sauti zote zihifadhiwe chuoni, kwa sharti tuliloandikiana na wasimuliaji: sehemu ya barazani isisikilizwe na yeyote bila ridhaa yao. Nakala moja ya tasnifu iende kwa sheha, nyingine skuli ya Mtambwe. Bibi aliomba asipelekewe kitabu. Anataka sauti yake, iwekwe kwenye simu ya mjukuu, pamoja na ile sehemu ya mvua. Nimeshaikata na kuihifadhi. Msimu umeanza, boti ya Mkoani ni Alkhamisi, na mjukuu ameandika kuniuliza kama safari hii nitakaa mpaka karafuu zikauke.